Moto Ule Ulikuwa Wangu

Nyamiaga, Jumapili, saa nane mchana

Jeneroza, mwanangu,

Barua hii nitaificha ndani ya begi lako, chini ya sweta la bluu. Ukiikuta mapema, nakuomba usiifungue mpaka basi liwe limeipita Nyakanazi. Ukishavuka njia panda ile, kurudi nyumbani kunakuwa kazi, na ndivyo ninavyotaka, iwe kazi. Sasa hivi uko Bukiriro kumuaga Bibi. Mzee Deo amekupeleka kwa pikipiki. Nilimwambia asikimbize, akacheka akidhani nauonea huruma mgongo wake, kumbe nilitaka mchelewe. Nina mchana huu tu. Nikisubiri jioni nitakuona usoni, na nikikuona usoni siandiki.

Mambo ya baridi, chakula na kutunza pasipoti siyagusi. Mzee Deo ameshakueleza mara tatu, na yeye mwenyewe hajawahi kufika mbali zaidi ya Mwanza.

Nianze na furaha, maana nikianza na lile jingine sitafika mwisho.

Nimeolewa na Deo, Jeneroza! Miezi minane imepita tangu tusimame kanisani, na bado nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama msichana wa kidato cha pili. Najua unatuona wajinga. Juzi ulitukuta tunamenya ndizi kwenye beseni moja, yeye akiniimbia, ukasema, "Jamani, na sisi watoto tupo." Akakujibu, "Funga macho, mtu wa maabara. Bibi harusi wangu yuko kazini." Miezi minane, na bado ananiita bibi harusi! Asubuhi akitoka na mwiko wake wa plasta nasimama mlangoni mpaka kofia yake ipotee kwenye migomba. Nina miaka arobaini na mitatu na sioni aibu hata kidogo.

Hujawahi kuniuliza kwa nini nilimkubali baada ya kuwakataa wengine. Alikuja kwetu mara ya kwanza kujenga ukuta wa choo uliobomolewa na mvua. Akaomba maji ya kunywa, nikamkaribisha jikoni. Akasimama mlangoni, akakohoa, akatazama juu, akatazama pembeni, akasema, "Mama, jiko lako halina dilisha." Ndivyo anavyosema, dilisha, Mzinza wangu wa Biharamulo, na sitaki mtu amrekebishe. Nikamjibu sina haja nalo. Kesho yake akaja bila kuitwa, akatoboa ukuta, akaweka fremu ya mbao, hakuomba hata chai. Wanawake wengine wanaletewa vitenge. Mimi nilisimama jikoni mwangu nikaona moshi unatoka wenyewe, unapita juu ya migomba na kupotea, nikakaa kwenye kigoda nikalia mpaka akaogopa. Alidhani ameharibu nyumba.

Hakujua nilikuwa nalilia nini. Wewe unajua. Tangu umerudi nyumbani wiki hizi tatu nakutazama nikijiuliza unajua kiasi gani.

Jana, tulipokuwa tunachambua maharage, nilikuuliza tena kuhusu hicho kioevu unachokwenda kukisoma.

"Nieleze kama unamweleza Bibi," nilikwambia.

Ukasema ni kioevu kisicho na rangi, ukikiona kwenye glasi utadhani maji, lakini ni kizito karibu mara mbili ya maji, na hakichanganyiki na maji wala mafuta. Kazi yake ni kubeba hewa. Kinabeba oksijeni nyingi kiasi kwamba pafu likijazwa nacho linaweza kuendelea kupumua. Ukasema zamani huko maabara walizamisha panya ndani yake na panya wakaishi.

"Wanazama na hawafi?"

"Hawafi, mama. Wanashangaa tu."

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Halafu nikakuuliza, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati? Ukaacha kuchambua. Ukaniambia mapafu yake yananata kama mfuko wa plastiki uliolowa, na kwamba kioevu hicho kingeweza kuyafungua taratibu bila kuyachana. Kilishajaribiwa, lakini bado si dawa ya kumpa kila mtoto, kwa sababu yako mambo ambayo bado hayajulikani. Wewe unakwenda kwenye damu. Kiasi kidogo cha kile kioevu hupenya kutoka kwenye mapafu, huzunguka na damu, kisha hutoka tena kwa pumzi. Kikiwa humo ndani kinazifanya nini chembe? Zile nyekundu zinabaki na umbo lake, au zinavimba na kupasuka? Zile ndogo za kugandisha damu zinapungua? Na zile nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, inaonekana zinapungukiwa hasira.

"Si ndiyo vizuri?" nikasema. "Zikikosa hasira haziharibu mapafu."

"Ni vizuri, mama, mpaka vijidudu vije. Mtoto wa kilo moja, askari wake wamesinzia, nani atampigania? Ndicho tunachokitafuta. Kiasi gani, kwa muda gani."

"Mtakipata lini?"

"Mimi nakwenda miaka mitatu. Wengine watakuja nyuma yangu."

Nikasema, kwa sauti ya mtu anayetania, "Hata chupa moja? Ndogo tu, kama ya dawa ya kikohozi, haiwezi kutoka mapema kidogo?"

Ukacheka. "Mama! Kwani unataka kumzamisha Mzee Deo?"

Na mimi nikacheka. Jeneroza, sikuwa natania.

Sasa naandika lile ambalo wewe na mimi hatujalizungumza kwa miaka kumi na mitano.

Ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa na miezi miwili kaburini, na mdogo wako Gaspari akaja miezi miwili kabla ya wakati wake. Hospitali walitupokea vizuri. Muuguzi mmoja mfupi, mwenye sauti nzito, alimfunga Gaspari kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akaniambia, "Mama, joto lake ni wewe. Usimshushe." Siku nne sikumshusha. Siku ya tano nikaanza kukosa imani na mwili wangu. Unaujua ubaridi wa asubuhi wa Ngara. Mimi nilikuwa nimekonda kwa msiba, maziwa yenyewe hayatoki, nikawa najiuliza ngozi hii na mifupa hii itampa mtoto joto gani. Bibi yako akaja kututazama. Aligusa miguu ya Gaspari, midogo kama vidole vyangu, akasema, "Huyu bado mbichi. Nyumbani kuna moto. Twende tukamvundike aive."

Alisema kwa mapenzi. Alikuwa amemzika mwanawe, na huyu ndiye aliyebaki na sura yake. Ningeweza kukataa. Nikasaini karatasi kwamba naondoka kwa hiari yangu. Yule muuguzi hakugombana. Alinifuata mpaka getini akaniuliza, "Lakini mama, ulinielewa?" Nikamjibu nimeelewa.

Unakikumbuka kile kibanda nyuma ya nyumba ya Bibi, cha kuvundikia ndizi za pombe. Dirisha hakina, mlango wake unaingia umeinama, na moto wa magogo unafuka humo polepole, usiku na mchana, mpaka ndizi ziwe njano. Humo ndimo tulimlaza Gaspari, kwenye majani makavu na blanketi. Mianya yote tuliiziba kwa majani ya migomba, mimi mwenyewe nikipapasa ukuta kutafuta panapoingiza upepo. Joto lilikuwa zuri. Nilijisifu. Nikasema kifua changu kisingemfanyia hivi.

Wewe nilikupa kazi ya kuni. Nilikwambia, "Moto usizimike, Jeneroza. Ukizimika mdogo wako atakufa." Maneno hayo nilimwambia mtoto wa miaka tisa. Shule hukwenda. Ulileta kuni mpaka viganja vikachubuka, na kila ukiingia ulikaa kidogo karibu na mlango. Siku ya pili ukasema, "Mama, kichwa kinaniuma." Na mimi kilikuwa kinaniuma. Nikakujibu, "Ni moshi tu, utazoea."

Moshi tu.

Siku ya tatu mashavu ya Gaspari yakawa mekundu. Yalipendeza, Jeneroza. Hospitali alikuwa wa kijivu na sasa alikuwa na rangi. Bibi akapiga vigelegele kwa sauti ya chini ili asimwamshe, akasema ameanza kuiva. Nilikubeba nikakuonyesha. Nilikwambia, "Umeona kazi yako?" Asubuhi iliyofuata hakuamka.

Ulisimama mlangoni na mzigo wa kuni kichwani, hujautua, ukaniuliza, "Mama, ni kwa sababu nilichelewa?"

Sikukujibu. Siku ile nilikuwa nalia, na mtu anayelia anasamehewa. Kesho yake je? Mwaka uliofuata je? Nililima, nikakusomesha, nikakusuka nywele kila Jumamosi, na swali lako likiwa limekaa kati yetu, na mimi nikilizunguka kama mtu anayezunguka shimo uani kwake. Kumpoteza Gaspari ni kosa langu la kwanza. Kukunyamazia ni la pili, na hilo la pili nimelifanya kila siku, nikiwa na akili zangu timamu.

Halafu kile kidato cha tatu. Ulikuwa unajisomea kwa sauti mezani, mimi napanga vyombo. Ukasoma kwamba moto usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu, ikang'ang'ania, haishuki. Damu inabaki nyekundu, hata kuzidi, lakini haina pumzi ndani yake. Ukanyamaza katikati ya sentensi. Nilikuwa nimeshika sahani. Tulitazamana. Kisha ukafungua ukurasa mwingine ukaendelea na minyoo.

Kabla ya siku hiyo ulikuwa unataka kuwa mwalimu wa Kiswahili. Baada yake hukutaja tena ualimu. Ikawa damu, damu, damu, chembe hizi na chembe zile, mpaka leo unakwenda upande wa pili wa dunia kuzitazama.

Kitu ambacho hukijui ni hiki. Somo lile mimi nililisoma kabla yako. Nilichora chembe nyekundu kwa penseli, nikaandika majina pembeni, mwalimu akaniwekea alama ya vema kwa wino mwekundu. Nilikuwa najua! Bibi hakuwahi kuingia darasani, yeye alitumia alichokuwa nacho, ujuzi wa ndizi. Mimi niliyafunga yale maarifa ndani ya daftari, na siku mtoto wangu alipoyahitaji nilikwenda kusikiliza ndizi. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama kubwa ni kwamba nilifaulu mtihani bila kuamini nilichokiandika. Niliamini kwamba mambo ya kitabuni yanakaa kitabuni na mambo ya nyumbani yanakaa nyumbani. Wewe umezaliwa bila ukuta huo kichwani, na nikikutazama nashukuru, na roho inaniuma.

Basi jibu lako hili hapa, limechelewa miaka kumi na mitano. Hapana. Hapana, mwanangu. Hukuchelewa. Kama ungechelewa kweli, kama ungetupa zile kuni ukaenda kucheza, huenda angeishi. Uliambiwa ufanye kitu na mama yako, ukakifanya vizuri kuliko mtu mzima. Moto ule ulikuwa wangu. Kila gogo ulilolibeba lilikuwa langu. Kinachonitisha ni kwamba hujalitua mpaka leo, na kwamba unakwenda maabara huko ukiwa bado umesimama mlangoni na mzigo kichwani. Tua, Jeneroza. Zipende zile chembe kwa uzuri wake, kama ulivyokuwa unanieleza jana mikono yako ikiruka, ukisahau maharage. Usizitazame kwa macho ya mtu anayelipa kosa. Kosa lina mwenyewe, ndiye huyu anayeandika.

Sasa lile jingine. Nimenyanyuka, nimekunywa maji, nimerudi.

Nina mimba. Miezi sita.

Ulipoona nimenenepa uliniuliza, "Mama, Mzee Deo anakulisha nini?" nikakujibu, "Mapenzi," ukafunika masikio. Nilikuwa na vitenge viwili kiunoni siku hiyo na joto lote lile. Jeneroza, nilipojua nilipiga magoti jikoni chini ya dirisha langu nikacheka kama kichaa. Mtoto wa Deo! Na usiku huohuo furaha ikageuka. Kliniki wanasema presha inapanda, na kwamba kwa umri wangu, na kwa historia ile, huyu naye anaweza kuja mapema. Daktari alisema "anaweza". Mimi nasikia "atakuja". Nikiamka nashika tumbo nahesabu mateke. Yakikawia namwamsha Deo, naye anaweka sikio, ananidanganya kwamba anasikia. Naomba Mungu, halafu nakiomba hicho kioevu chako, kitu nisichowahi kukiona, kana kwamba nacho kina masikio. Nimefika hapo.

Tumegombana kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mimi na Mzee Deo.

"Mwambie mtoto," alisema.

"Nikimwambia hatapanda basi."

"Ni haki yake asipande."

"Deo, huyu mtoto alishakosa shule kwa ajili ya tumbo langu mara moja. Mara ya pili sitaki."

Akaenda kuchanganya udongo ambao hakuna aliyeuagiza. Ameahidi kutokusema, na kwa kuwa hajui kudanganya, kila ukimwamkia "Shikamoo Mzee Deo" anaitikia huku akiangalia viatu vyake. Usimchukie. Anasubiri siku utakayomwita baba, lakini hatakuomba.

Nina hofu ambayo siwezi kuipamba. Ninakutaka hapa. Ninakutaka mlangoni na koti lako jeupe, uwafukuze wote wenye moto na majani. Nikikutazama unavyokunja nguo nashika ulimi kwa meno. Na kwa sababu ninakutaka hivyo, nakuomba usirudi. Ukirudi, kila mtoto mbichi atakayezaliwa katika ukoo huu atakula mwaka wa maisha yako, na mimi nitakuwa nimekutuma kuni tena.

Mimba ikiingia mwezi wa saba nitahamia karibu na hospitali, Deo ameshapata chumba, na ameshakagua madirisha. Akija mapema, nitamfunga kifuani na sitamshusha. Nikichoka, Deo atampokea. Mume wangu huyo, wiki iliyopita nimemkuta uani amejifunga mfuko wa unga wa kilo mbili kifuani kwa kitenge changu, anatembea polepole akiuimbia. Nilimuuliza anafanya nini. "Nazoea," akasema. Sasa niambie, mwanamume kama huyo nisingempenda vipi? Na hayo yote hayatoshi, najua. Kifua na kitenge, na mapafu yananata vilevile. Mtoto huyu chupa yako haitamkuta. Inaweza kumkuta wa mtu mwingine, mwaka nisioujua, hospitali nisiyoijua. Najaribu kulifurahia hilo. Leo sijaweza. Nitajaribu tena kesho, basi likishaondoka.

Saa kumi na moja

Nimefungua begi ili niifiche barua. Chini ya sweta la bluu nimekuta sindano mbili za kufumia na uzi wa njano. Nilidhani ni soksi. Ni kofia. Nimeijaribu kwenye ngumi yangu, imeenea. Umeifuma mpaka nusu.

Kumbe unajua. Tangu lini, Jeneroza? Wiki tatu tumekaa jikoni moja, mimi nikificha tumbo, wewe ukificha uzi. Na ile kauli yako ya "mpaka vijidudu vije", na "nani atampigania", ulikuwa unamzungumzia nani? Umejua, na bado umepiga pasi nguo za safari, na tiketi umeiweka mezani pale nitakapoiona. Nimekaa kitandani kwako nimeshika hii kofia na sijui kama kilio hiki ni cha uchungu au cha nini.

Nasikia pikipiki inapanda kilima. Nairudisha kofia ilivyokuwa, na barua hii juu yake. Jioni hii sitakwambia nimeiona. Natamani leo usiishike, leo ukae na mimi. Malizia huko huko.

Mama yako,
Konsolata